Upana wa Kumpisha Mkwe

Barabara ya lami inayoukata mji wa Kinyamwando huja na maringo yake yote kutoka Singida mpaka inapofika mahali watu wanapopaita Kooni. Hapo maringo yanaisha. Upande wa kushoto limekaa jiwe kubwa kuliko kanisa, limekaa tangu enzi ambazo hakuna anayezijua. Upande wa kulia umechimbwa mtaro wa zege unaoweza kummeza ng'ombe na pembe zake. Kati ya lami na mtaro kumebaki ukingo wa udongo, na juu ya ukingo huo vimebanana vibanda vya mafuta ya alizeti, mashudu, vitunguu na kuku. Mwenye miguu yake miwili ameachiwa ukanda mwembamba kama mshipi wa suruali, na malori ya masafa marefu yakipita yanamvuta shati. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Hawakusema umpishe wapi.

Diwani wa kata hiyo aliitwa Gaspari Ntandu. Alikuwa bado kijana, mrefu, mwenye mdomo, na kabla ya udiwani alikuwa akileta kuku kwa baiskeli kutoka Ilongero, tenga mgongoni mwa baiskeli, jasho mgongoni mwake. Alishinda uchaguzi kwa ahadi moja tu. Mwalimu Felista, aliyewafundisha nusu ya mji kusoma, aligongwa na lori pale Kooni akisukuma baiskeli yake kwenda shule. Siku ya mazishi Gaspari alisimama makaburini, udongo bado umemganda mikononi, akasema mbele ya watu wote: "Nisipoleta njia ya miguu na baiskeli pale Kooni, msiniite diwani. Niiteni kuku."

Watu walilia, kisha wakacheka, kisha wakampigia kura. Sasa muhula ulikuwa umevuka katikati, njia haijaonekana, na vijana wa bodaboda walikuwa wameanza kumwita Jogoo.

Jumatatu asubuhi alikuwa akipiga pedali kuelekea halmashauri. Alipoingia Kooni, akaona mbele yake mwanamke mtu mzima anakuja kwa miguu, dumu la mafuta kichwani, mkono mmoja kiunoni, mwendo wa asiye na haraka na mtu. Gaspari akakaza breki. Alikuwa Yunisi, mama mzazi wa mke wake.

Katika nyumba za huku, za Wanyaturu na za Wanyiramba, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Hamtazami machoni, hamsemeshi, na wakikutana njiani mkwe kijana ndiye anayetoka njiani: anaingia porini, anageuza kisogo, anangoja mpaka mama apite. Ni heshima, na walioitunga waliitunga wakati pori lilikuwepo.

Gaspari alitazama nyuma. Lori lilikuwa linakuja, taa zimewashwa mchana, honi inanguruma. Akatazama mbele, mama mkwe anazidi kukaribia. Akatazama kulia, penye upenyo kati ya vibanda viwili.

Alichagua mtaro.

Alitumbukia yeye, baiskeli, na mkoba wa makabrasha ya halmashauri. Goti likagonga zege, maji machafu yakamfika kifuani. Juu yake alisikia nyayo za Yunisi zikisimama. Mama hakuchungulia. Aligeuza uso wake ng'ambo ya barabara, akaliambia lile jiwe kubwa, kwa sauti ya kutosha:

"Jiwe, kama kuna mtu ameumia, asaidiwe."

Kisha akaenda zake. Ndivyo ilivyo: mkwe hasemeshwi, lakini jiwe, mti au mbuzi aliye karibu anaweza kuambiwa neno, na mwenye masikio akasikia.

Aliyemsaidia alikuwa Deo, dereva wa bodaboda aliyekua naye. Alimpa mkono wa kumvuta, na mdomo haukulala.

"Mheshimiwa, unakagua miradi? Mtaro una kina cha kutosha?"

"Nivute, Deo."

"Navuta. Jogoo akilowa anakuwa mzito kweli."

*

Mchana huohuo kulikuwa na kikao cha ndani. Kabla ya kila baraza la bajeti, madiwani wa chama hukutana peke yao, mlango umefungwa. Kinachokubaliwa humo ndicho kinachokwenda barazani. Ukikipinga mbele ya watu unaandikiwa barua, na uchaguzi ukifika jina lako linakatwa kimyakimya kama ukucha.

Gaspari aliingia akichechemea. Mwenyekiti wa halmashauri, Mheshimiwa Ezekieli Msengi, alikuwa mtu wa makamo, Mnyiramba, mnene wa shingo na mwepesi wa akili. Wanyiramba na Wanyaturu ni watani, na Ezekieli hakuwahi kuacha utani ulale njaa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Mnyaturu. Nasikia leo umelala mtaroni. Kwenu mmeuza vitanda?"

Wakacheka wote. Gaspari alicheka pia, maana mtani akikutania ukanuna umeshindwa. Kisha akatandaza mezani mchoro wa mhandisi wa halmashauri, binti mmoja aitwaye Jesca. Mchoro ulikuwa rahisi kama mkeka: vibanda vivuke ng'ambo ya mtaro, kwenye uwanja mtupu, mtaro ufunikwe kwa zege, na juu ya ukingo na mtaro uliofunikwa ipite njia ya miguu na baiskeli, mita mbili na nusu, kutoka Kooni hadi shuleni.

"Tumekuwa tukizungumza njia hii tangu niingie humu," alisema. "Kila mwaka inasogezwa. Mwaka huu fedha ipo."

"Ipo," alisema Ezekieli. "Lakini stendi nayo inataka maegesho ya magari. Wenye magari wananipigia simu. Wenye miguu hawapigi simu."

"Wenye miguu ndio wengi."

"Ndiyo, na mimi siyo adui wa miguu. Hata mimi ninayo miwili." Alikunja mchoro taratibu, akamrudishia. "Nasema hivi. Sitaki kesi wala wanawake wa kulala mbele ya greda. Wenye vibanda wakubali wenyewe, kwa midomo yao, kwenye mkutano wa mtaa Jumatano. Wakikubali, njia inaingia kwenye bajeti. Wakikataa, tunajenga maegesho, na habari ya njia inazikwa. Kikao kimekubali?"

Mikono ikapanda. Wa Gaspari nao ukapanda, kwa kuwa hakuona pa kuushusha.

"Na kiongozi wa wenye vibanda ni nani vile?" aliuliza Ezekieli, akijua kabisa.

Diwani mmoja akaguna, mwingine akaziba mdomo, halafu chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Kiongozi wa wenye vibanda alikuwa Yunisi. Alichosema yeye ndicho vibanda vyote vilichosema.

"Kamweleze mkweo," alisema Ezekieli, akifuta machozi ya kucheka. "Mtazame usoni, umwambie ahame. Au Wanyaturu mnaoa binti zetu halafu mnaogopa mama zao?"

*

Aneth, mke wa Gaspari, alikuwa uani akipepeta mtama. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho bila kusimamisha ungo.

"Kwa hiyo niende mimi," alisema.

"Nani mwingine?"

"Kila siku mimi. Yule kanizaa, wewe umenioa, mimi nimekuwa daraja. Na daraja, Gaspari, mnalikanyaga wote wawili."

"Mama Lucy, nakuomba."

Lucy alikuwa binti yao wa kwanza, na Gaspari alimwita mkewe hivyo akiwa na shida tu. Aneth aliweka ungo chini, akajitanda kanga, akaenda. Alirudi jua limelala juu ya mawe, uso umemkaza.

"Amesema walimtoa sokoni, wakamwambia aende stendi. Wakamtoa stendi, wakamwambia aende Kooni, ni pa kudumu. Amesema kibanda kile ndicho kilichonisomesha mpaka wewe ukanikuta najua kusoma barua zako."

"Hilo nalijua."

"Amesema na jingine. Anayetaka kumhamisha mara ya tatu aje amwambie yeye mwenyewe. Hataki daraja."

Gaspari alisimama, akakaa, akasimama tena. Ua ulikuwa mdogo. Hatua chache ukuta, hatua chache ukuta mwingine.

"Anajua siwezi."

"Anajua."

"Ananidhihaki basi."

"Au anakufundisha kwamba kuhamisha watu si kazi ya kutuma mtu." Aneth aliokota ungo wake. "Kuna kondoo, lakini."

Gaspari alikuwa amesahau. Kwa kina Aneth, mkwe mwenye jambo zito hupeleka kondoo kwa mama mkwe. Wazee wanachinja, watu wanakula, na siku hiyo kinywa kinafunguliwa: mkwe anaruhusiwa kusema haja yake, macho chini, na mama kumjibu. Ni kondoo mmoja tu, na mlango unafunguka. Alilala usiku ule kama mtu aliyeona upenyo wa nuru chini ya mlango.

Jumanne alikwenda mnadani na Deo, akachagua kondoo dume, mweupe, mnene wa mkia. Wakampakia kwenye bodaboda kati yao, kichwa chake juu ya bega la Deo kama abiria anayeuliza nauli. Walikuwa wanakaribia mjini gari la mwenyekiti lilipowafikia, likapunguza mwendo, kioo kikashuka.

"Kondoo mzuri huyo," alisema Ezekieli. "Wa nani?"

"Wa mkwe," alijibu Deo kabla Gaspari hajamkanyaga mguu.

"Aa. Mkwe." Ezekieli alimtazama kondoo kwa huruma. "Ni mkwe yuleyule atakayesimama kesho mkutanoni kusema ndiyo au hapana? Diwani anapeleka mnyama kwa kiongozi wa wapigakura, kesho yake kiongozi anakubali hoja ya diwani. Kwenu Unyaturu mnaitaje hiyo?"

"Ni mila, mwenyekiti. Hata kwenu ni mila."

"Mimi najua ni mila, mtani wangu. Mimi nakutania tu. Lakini wale wa kuzuia rushwa hawana utani na kabila lolote."

Kioo kikapanda. Gari likaenda. Deo alizima pikipiki.

Gaspari alipiga hesabu. Bila kondoo hana kinywa. Akiwa na kondoo, kinywa chake kinanuka rushwa. Akikaa kimya, njia inakufa na mwalimu Felista anakufa mara ya pili. Akimsemesha mama bila kondoo amemtukana, na mwanamume aliyemtukana mama mkwe huamka asubuhi akakuta mke amerudishwa kwao. Kila upande alikogeukia palikuwa pamejengwa ukuta, na kila ukuta ulikuwa na sababu nzuri ya kuwa pale.

"Tumrudishe," alisema.

"Kondoo?"

"Ungependa nimrudishe nani, Deo?"

*

Jumatano watu walijaa uwanja ule mtupu ng'ambo ya mtaro. Mbele yao mtaro, mbele ya mtaro migongo ya vibanda, kisha lami, kisha jiwe limewatazama wote. Mtendaji wa mtaa alikuwa ameweka viti vichache vya mbele kwa wakubwa. Kimoja alikalia Ezekieli, amekuja "kusikiliza tu." Kingine, kilicho katikati kabisa, amekalishwa Yunisi. Aliyempangia kiti hicho alijua anachokifanya. Diwani akisimama kusema, atakuwa anamtazama mama mkwe puani.

"Namkaribisha Mheshimiwa Diwani," alisema mtendaji.

Gaspari alikwenda mbele, macho kwenye viatu vyake. Aliona ncha za kanga ya Yunisi, akaona viatu vya Ezekieli vinavyong'aa, kimoja kinatingishika kwa raha. Kundi lilisubiri. Mtoto akalia, akanyamazishwa.

"Jogoo, wika basi!" alipaza mtu nyuma.

Kicheko kilipovuma, Gaspari aligeuka. Aliwapa kisogo watu wote, mkutano mzima, mwenyekiti na mama mkwe, akasimama ukingoni mwa mtaro akiwa amelielekea jiwe.

"Anaondoka?"

"Anatupa mgongo! Heshima gani hii?"

"Jiwe la Kooni," alisema Gaspari kwa sauti kubwa, "shikamoo!"

"Marahaba!" akaitikia Deo kutoka kwenye pikipiki yake, na watu wakacheka, lakini wazee hawakucheka. Walikuwa wameelewa. Mmoja wao akasema, "Nyamazeni. Anaongea na mkwewe."

Hata wenye kuku wakawashika kuku wao midomo.

"Jiwe, wewe ulikuwepo kabla yetu. Mwalimu Felista ulimwona. Ulimwona akitafuta pa kuweka mguu, akakosa. Mimi sina kondoo, na sina ruhusa ya kumwambia aliye mkubwa wangu ahame. Kwa hiyo nakwambia wewe. Uwanja huu ni mtupu. Vibanda vikivuka mtaro, mtaro ukafunikwa, wenye miguu watapata mahali pa kupita na wenye baiskeli watapata mahali pa kupita, na lami tutawaachia wenye vyuma vyao. Ndilo neno langu. Usipojibu sitakulaumu, wewe ni jiwe."

Lori likapita kati yake na jiwe, likachukua muda wake. Vumbi lilipotua, sauti ikatoka nyuma yake, nzito, ya mtu aliyekaa.

"Jiwe, na mimi nakusalimu. Umwulize huyo mwenye shati la bluu: wateja wangu ni nani? Lori halijawahi kununua dumu langu hata moja. Lori linanipa vumbi. Ananunua anayetembea. Ananunua anayeshuka kwenye baiskeli kunisalimia. Wakinivusha huku, njia ikabaki kule, nitamuuzia nani? Chura?"

"Jiwe, mwambie njia itapita mlangoni pake."

"Mlangoni kabisa?"

"Akinyoosha mkono atamgusa mteja."

Minong'ono ya wenye vibanda ikaanza kugeuka sauti ya kukubali. Kiatu cha Ezekieli kilikuwa kimeacha kutingishika.

"Na upana wake?" alisema Yunisi.

"Mita mbili na nusu, mama," alidakia Jesca, mhandisi.

"Mita sizijui. Jiwe, Jumatatu kuna mtu alitumbukia mtaroni kwa ajili yangu. Alikuwa ananiheshimu. Niliendelea na safari yangu kama ilivyo desturi, lakini chakula kimenikataa tangu siku hiyo. Mimi nataka njia ambayo mkwe anampisha mkwe na hakuna anayeumia. Yeye na baiskeli yake na tenga lake, mimi na dumu langu, na katikati yetu nafasi ya aibu. Ikiwa hivyo, nahama, na hawa wote wanahama. Ikipungua hata unyayo, atakuwa amenidanganya, na wewe ndiye shahidi."

Gaspari hakufikiri mara mbili. Baadaye alitamani angefikiri.

"Jiwe, mwambie nimekubali. Nimempa neno langu."

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Na Yunisi hakuwa mtu wa kungoja bajeti. Keshokutwa yake wenye vibanda walibeba mabati na nguzo zao, wakavuka mtaro kwa mbao, wakajipanga uwanjani, wakasubiri njia iwafuate.

*

Asubuhi ya baraza mlango wa kikao cha ndani ulifungwa tena.

"Hongera, mtani," alisema Ezekieli. "Umenishinda, na mimi ni mtu wa neno langu. Nilisema njia itaingia, na imeingia. Maegesho nayo yameingia. Kwa hiyo njia itakuwa mita moja."

"Mita moja?" Gaspari alidhani amesikia vibaya. "Mwenyekiti, baiskeli yenye tenga haitoshi hapo na mtu! Mtaro hautafunikwa?"

"Utabaki wazi. Tutaweka na vyuma upande wa lami, malori yasiwaguse. Usalama kwanza."

"Chuma huku, mtaro huku. Hiyo ni zizi, siyo njia."

"Hoja ni yako. Mwenye hoja akiikataa, inaanguka, na fedha yote inarudi stendi. Basi amua. Mita moja, au hakuna."

"Niliahidi mbele ya watu."

"Uliahidi mbele ya jiwe," alisema Ezekieli. "Mawe hayapigi kura."

Saa moja baadaye, ndani ya ukumbi, mikono yote ilipanda isipokuwa mmoja. Watu waliokaa viti vya wageni walimtazama diwani wao. Moyoni alimwona Mwalimu Felista akisukuma baiskeli. Alimwona Yunisi na dumu lake, vibanda vimekwisha kuvuka, kurudi haiwezekani. Akipandisha mkono amemdanganya mama mkwe; akiuacha chini, hata hiyo mita moja inapotea. Mkono ulipanda, mzito, kana kwamba umefungiwa dumu lililojaa.

Jioni Aneth alimwekea ugali na mlenda, akakaa mbali naye kidogo.

"Mama ameambiwa," alisema mwishowe.

"Amesemaje?"

"Hajasema."

Hilo ndilo lililomwondolea usingizi.

*

Njia ilijengwa kiangazi. Ilikuwa ya zege, imenyooka, upande wa lami vyuma vilivyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, upande wa pili mtaro mdomo wazi, na vijidaraja vya mbao kwenda vibandani. Ilipendeza kwenye picha. Siku ya kufunguliwa Ezekieli alikata utepe mapema asubuhi, akapigiwa makofi, akapanda gari lake aende stendi kukagua maegesho.

Gaspari hakwenda kwenye utepe. Alikuwa ametoka Ilongero alfajiri, ameleta kuku wa shemeji yake, tenga limejaa. Aliingia Kooni akisukuma baiskeli; nyuma yake wakaingia wenzake wa kuku, nyuma yao wanafunzi, nyuma yao mzee mwenye gunia la mashudu kwenye baiskeli isiyo na breki. Kutoka upande wa pili waliingia akina mama wenye ndoo za vitunguu, na mbele yao, dumu kichwani, mkono kiunoni, alikuja Yunisi.

Walikutana katikati kabisa.

Gaspari alisimama. Tenga lilikuwa limejaza njia kutoka chuma hadi mtaro. Aliinamisha kichwa, akageuza uso kwenye vyuma. Nyuma hakurudiki, foleni ilikuwa imeshamkaba kisogoni. Ulibaki mtaro. Goti lake liliukumbuka. Akaanza kuinua mguu.

"Jiwe," ilisema sauti ya Yunisi, "mwambie asithubutu."

Mguu ukasimama hewani.

"Mwambie aushushe. Aliniambia nitapishwa bila mtu kuumia."

Gaspari aliushusha mguu. Alisikia dumu likitua kwenye zege, kisha kanga ikichakacha, kisha pumzi ndefu ya mtu anayekaa. Yunisi alikuwa amekaa juu ya dumu lake katikati ya njia, uso kwenye jiwe.

"Mimi nimefika hapa," alisema. "Sirudi wala sipiti. Mwambie naye asirudi, wala asipite."

Wakakaa hivyo. Jua lilipanda. Kuku wakaanza kulalamika. Waliofika nyuma wakaacha kuingia njiani. Wakazunguka vyuma, wakajaa lami, baiskeli kwa baiskeli, ndoo kwa ndoo, na lori la kwanza likafunga breki, la pili likafunga, la tatu likapiga honi mpaka likachoka. Upesi msururu wa magari ukafika hadi stendi, ukamkuta Ezekieli katikati ya maegesho yake mapya, hawezi kutoka.

Alikuja kwa miguu. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona Kooni kwa miguu. Alijipenyeza kati ya lori na vyuma, suti ikachafuka kwa oili, akafika usawa wa Gaspari akihema.

"Gaspari! Umekuwa kichaa? Mpishe mama!"

"Nimpishe wapi, mwenyekiti?"

"Rudi nyuma!"

"Tazama nyuma."

Ezekieli alitazama. Akatazama mbele. Akamgeukia Yunisi, akalainisha sauti kwa Kinyiramba, kama mtu na dada yake wa nyumbani. Yunisi hakugeuka.

"Jiwe," alisema kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie, "nani huyo anayemfokea mkwe wangu?"

Deo alikuwa amepanda juu ya kiti cha pikipiki yake. "Mwenyekiti, sogea pembeni, lori linataka kupita!" Watu wakaangua kicheko, kwa sababu lori kweli lilikuwa limeanza kunguruma, na pembeni hapakuwepo. Ezekieli aligandamana na vyuma vyekundu na vyeupe, tumbo ndani, mikono juu, kama kila mtu alivyowahi kugandamana pale.

"Mpigieni mhandisi," alisema kwa sauti nyembamba. "Aje na futi yake."

"Asije na futi," alisema Yunisi. "Jiwe, mwambie aje apime kwa dumu langu, na kwa tenga la huyu, na aache nafasi katikati. Mpaka hapo tupo."

Gaspari alibaki ameinama. Chuma kushoto, mtaro kulia, mkwe mbele, mji mzima nyuma. Jasho lilimtiririka mgongoni na mpini wa baiskeli ulimkata viganja. Hakujua kama amesamehewa, na hakuwa na ruhusa ya kuuliza. Jogoo mmoja akatoa kichwa nje ya tenga, akawika, na watu wote wakamtazama diwani.

"Jiwe," alisema Gaspari, taratibu, kwa mara ya kwanza siku ile akitabasamu kwenye vyuma, "mwambie mama mimi sina haraka."